Tulidhani Dada Hasikii

Wiki jana walikuja tena kwa geti yangu hapa Njoro, wale wahubiri wa kanzu nyeupe. Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, bila masomo na bila Mungu, na nimechoka kuwaambia hivyo. Nilimuuliza msichana wao jina. Kabla ya kujibu, alimtazama kwanza mama aliyekuja naye.

Nilipokuwa mtoto, dada yangu Wambui alikuwa hivyohivyo ile alasiri aliyokuja nyumbani kuchukua nguo zake ahamie kwa watu hao wa kanzu. Jikoni kulinuka maziwa yaliyoungua. Wamama wawili wa kanzu walisimama kando yake.

"Mami, si ukunywe chai kwanza?" mama yetu akamwuliza Dada.

Dada akawatazama wale wawili, akanyamaza. Nilidhani amekuwa kiziwi. Nikamsogelea, nikapiga kelele sikioni: "WAMBUI! CHAI!"

"Haka katoto hakana adabu," mmoja akasema. "Twende."

Dada akainama kama anayefunga kiatu. "Nasikia, wewe," akaninong'oneza. "Nasikia yote."

Wakaondoka naye, na hakurudi tena. Mimi nilimkimbilia mama kumpa habari njema kwamba dada anasikia vizuri. Hapo ndipo mama alipoanza kulia.