Nyimbo za Mzee Zilifutika Mkononi Mwangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana nusu ya kwaya yetu inafuata ukurasa huu. Mimi ni dada wa miaka 29, Mkongo wa Kivu Kusini, naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mwanangu mmoja. Ni fundi wa simu hapa Base Camp, tena fundi mwenye mdomo, na mdomo huo ndio ulioniponza.

Kwenye grupu la kwaya hatuishi kubishana habari za simu. Kuna mwenzangu, nitamwita Imani, anasuka nywele saluni mjini Mbarara na ana iPhone. Kwake, asiye na iPhone hana simu. Mimi ni mtu wa mifumo huru ya kuendeshea simu, ile inayotengenezwa na watu wengi na kutolewa bure, kila mtu akaweza kuona kilichomo ndani. Simu ambayo kampuni imeitupa, mimi naiwekea mfumo huo inafufuka. Nilikuwa nauhubiri kuliko mchungaji. Nikiandika mistari kumi, Imani ananijibu mmoja: "Wee na telefone yako ya kutengeneza kila siku! Yangu haigonjwake." Grupu zima linacheka. Nilikuwa naumia, sitadanganya.

Sasa kuna mzee anayetufundisha kuimba. Hajui nota. Wimbo akiutunga, anaurekodi kwenye simu yake kuukuu, kila sauti peke yake: besi, teno, alto, zote anaziimba yeye. Soprano aliimba mkewe, ambaye tulimzika hapa hapa Nakivale. Mwimbaji mpya akija, anapewa simu akae pembeni asikilize sauti yake. Maneno yako kwenye daftari, lakini tuni zilikuwa mle tu.

Simu ikaanza kukwama katikati ya mazoezi. Mzee akaniletea. "Binti yangu, hii telefone imechoka. Ifanye itembee mbio kidogo. Lakini nyimbo ya batu usiiguse."

Ningeisafisha kidogo tu, ingetosha. Lakini niliiona simu ile nikamwona Imani akilini. Nikabeba kompyuta mpaka Mbarara, eti kwa sababu huko intaneti ni nzuri. Ukweli ni kwamba nilitaka kazi hiyo niifanyie mbele yake. Nikakaa saluni kwao, wateja vichwa nusu vimesukwa, wananitazama. Imani anasuka huku ananichokoza: "Fundi, bado tu? Yangu ingekuwa imeshamaliza."

Kuweka mfumo mpya lazima kwanza ufungue kufuli ambayo kampuni imeiweka ndani ya simu, na ukiifungua, vyote vya ndani vinafutika. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Simu yenyewe ilinionya kwenye kioo. Lakini nilikuwa nimeona kadi ya kumbukumbu ina mafaili ya sauti, nikajiambia nyimbo ndizo hizo, nikaichomoa kadi bila kusikiliza hata moja. Nikabonyeza ndiyo.

Simu iliamka ikawa nyepesi ajabu. Imani akaacha kusuka, akaja kuichungulia. Nikapiga picha nikaituma kwenye grupu, nikaandika kwamba imefufuka. Jamani, nilivyofurahi!

Gari liliposimama Kaberebere njiani kurudi, nikarudisha kadi nisikilize. Ilikuwa na mahubiri mawili na picha za harusi ya mtu. Nilijaribu kila programu ninayoijua ya kurudisha vilivyofutika, siku mbili sikufungua kibanda changu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilimrudishia Mzee simu nikamwambia imepona, kila kitu kimo. Kesho yake akaja mbio, simu mkononi. "Binti, nyimbo siioni." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mzee, hii menyu ni mpya. Labda ulibonyeza kufuta bila kujua."

Aliniamini. Angeachaje, na fundi ni mimi?

Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima, kofia mkononi. "Bandugu, munisamehe. Nyimbo yenu yote niliipoteza na hii mikono yangu. Sikujue fasi nilifinya," yaani hajui alibonyeza wapi. Akasema anaacha kuongoza kwaya, tutafute kijana. Watu walilia. Mchungaji akaomba mmoja wetu amwombee Mzee, na kwa kuwa nilikuwa karibu, akanionyesha mimi. Nikamwekea mkono begani nikamwombea asamehewe. Nilimwombea kosa langu mwenyewe, na watu wakaitikia amina.

Imani akaandika kwenye grupu kwamba wazee wasishikishwe simu. Wote wakakubali, na mimi nikaweka kidole gumba. Kamati ikaamua simu ile nitunze mimi kwa sababu ndimi mwaminifu. Mimi niliyekuwa nawaimbia watu kwamba kitu kizuri hakifichwi!

Nikisema ukweli, nani ataniletea simu tena? Kibanda hiki ndicho kinamlisha mwanangu. Kanisani nitatengwa, na kwa Imani sitainua kichwa. Nikinyamaza, yule mzee atakufa akiamini aliipoteza mwenyewe sauti ya mkewe.

Tangu wiki jana anakuja kibandani kila mchana turekodi upya zile anazozikumbuka. Jana alianza na soprano. Sauti haifiki kule juu, anakatika, anaomba msamaha, anaanza tena. Nilimpa simu arekodi mwenyewe kama zamani. Akairudisha kwangu kwa mikono miwili.

"Finya wewe, mwanangu," akasema. "Bidole byangu binaharibu."

Nikabonyeza. Akaimba, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Leo mchana anakuja tena. Ndugu zangu, msinionee huruma, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini kabla hajafika: nimwambie, na nikimwambia nianze na neno gani?