Chupa ya Mtaliano na Dengelua ya Mama

Miaka ya Ujamaa nilikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja, fundi wa barabara, pale Same. Kila Jumapili alifungua chupa ya mvinyo mwekundu wa kwao, na siku moja akanionyesha lebo. "Ng'ambo ya mto wana zabibu hizi hizi," alisema, "lakini hawaruhusiwi kutumia jina hili. Ni sheria. Jina ni la vilima vyetu." Nilicheka sana. Serikali nzima inalinda jina la kinywaji!

Kicheko kiliniisha mwenyekiti wa kijiji kimoja cha tambarare alipojenga kilabu cha pombe. Alikamulisha miwa ya huko huko chini, kisha akaandika kwenye kibao: DENGELUA YA VUDEE. Dengelua ni pombe yetu ya miwa, na iliyosifika Vudee, kijiji chetu cha mlimani, ilikuwa ya mama yangu, ya miwa ya mteremko wake na maji ya kijito chake. Watu walipanda mlima kwa miguu kuifuata. Sasa mwenyekiti alimtaka mama aje kuonja siku ya ufunguzi kama kwamba ndiye aliyeipika, maana kwetu mgeni hanywi mpaka mpika pombe aonje mbele yake. Akikataa, kibali chake cha kupika kitafutwa.

Nilimsimulia mama habari za ile chupa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe Wazungu nao wana akili," akasema, akajifunga kanga tukateremka.

Wageni kutoka wilayani walikaa mbele, kata za kibuyu mikononi. Mama akapewa ya kwake. Akanywa funda moja, akalitema chini, karibu kabisa na viatu vya mwenyekiti.

"Mama, unatuaibisha," mwenyekiti alinong'ona.

"Hii ni pombe ya miwa, iuzeni. Ila Vudee haimo humu."

"Jina ni mali ya wote!"

Hapo nilishindwa kujizuia. "Ni mali ya wote wa Vudee," nikasema kwa sauti. "Wewe umewauliza?"

Wageni wakaweka kata chini, zikiwa zimejaa.

Kibali cha mama kilifutwa wiki ile ile. Hakuuza tena hata kata moja mpaka anakufa, na tuliishi kwa shida. Lakini kibao kilipakwa rangi upya, kikabaki POMBE YA MIWA.

Wapo wanaoniuliza hadi leo kama jina lilistahili hasara yote ile. Lilistahili. Ningekuwa mimi, ningevitemea vile viatu vyenyewe.