Mkono wa Kushoto wa Dada

Soko la zamani la Kisarawe nililichora kwa kubisimu, ule mtindo wa kuvunja kitu vipande ili pande zake zote zionekane kwa mpigo. Kila nilipojaribu kulichora kawaida, nguzo nene mbele na bati lenye kutu juu, ilitoka picha ya kalenda, na mimi kalenda zinanichefua. Dada yangu aliuza maharage pale mpaka asubuhi ile lori la mchanga lilipofeli breki mteremkoni, likaingia kwenye meza.

Mkono wake wa kushoto hatukuupata. Tuliutafuta chini ya mabati na kwenye mchanga uliomwagika, mpaka ikabidi tumzike bila huo. Tangu hapo mama hasemi "tulimzika." Husema "tulianza kumzika," na ukimsahihisha anakutazama tu. Neno lile lilinikata maini kila nilipolisikia.

Mama alipotoka kijijini Marui kuja kunijulia hali hapa kwangu Mkuza, picha ilikuwa ukutani. Nguzo zimekatika, meza zinaonekana juu na chini kwa pamoja, na katikati yuko dada, uso wa mbele umeunganishwa na wa ubavuni.

"Nilimwosha vipande," mama akasema, "na wewe unamchora vipande?"

Hasira zilinipanda. Nikaanza kumweleza habari za pande zote kuonekana, utadhani nafundisha darasa. Hakunisikiliza. Alikuwa ameinama, anatafuta kitu kwenye picha.

"Huu ni wa kushoto?"

"Ndiyo, mama. Anamfungulia mteja mfuko."

Akaugusa. Alilia bila sauti.

"Nikatie."

"Mama, hicho ni kitambaa tu, kimepakwa rangi."

"Najua, baba. Na sanda ni kitambaa."

Nikachukua wembe. Rangi ya vidole ilikuwa haijakauka vizuri, ikamganda kiganjani, naye hakuifuta. Kesho yake tulikwenda Marui wawili tu, maana shehe angetugombeza, na kwa haki. Mama alichimba mwenyewe pembeni mwa kaburi, akakifukia kile kipande.

Picha bado ninayo. Wageni huuliza kama tundu lile ni sehemu ya mtindo, nami huitikia ili yaishe.

Juzi mtu aliyepotezana naye miaka mingi alimuuliza mama habari za binti yake. Nilikuwepo, nikakaza meno kulisubiri lile neno.

"Tulimzika," mama akajibu.