Kadi ya Ngamia Watatu

Mimi si mtu wa kutulia. Hata leo, uzee huu, nikikaa kitini dakika kumi miguu inaanza kuniwasha. Nakwenda dirishani, narudi, nafungua kabati nisilolihitaji. Kwa hiyo wa kunipa mkasi na gundi na kuniambia keti hapa utengeneze kadi alikuwa mama yangu tu, na alinipa mimi kwa sababu hakuwa na mwingine.

Tulikaa Bukoto, Kampala, vyumba viwili, mimi na yeye. Marehemu baba alikuwa polisi. Tulizunguka naye laini za polisi nchi nzima mpaka Kiswahili kikawa ndiyo lugha yetu ya nyumbani, na majirani hawakuacha kutusema: eti lugha ya askari na wezi. Waseme tu. Mama alikuwa akifua nguo kwa walimu wa kigeni kule Kyambogo. Walipoanza kuondoka mmoja mmoja, mbio mbio, sufuria zikiwa bado jikoni, bibi mmoja alimwambia achukue anachotaka. Wenzake walitoka na redio. Mama yangu alitoka na sanduku la kadi za Krismasi za zamani. Nilimnunia wiki nzima.

Kumbe ndizo zilizotulisha. Madukani rafu zilikuwa tupu, chumvi na sukari tulivipata kwa magendo, na kadi mpya hukuipata hata kwa magendo. Lakini watu hawakuacha kuoa wala kuzaa wala kusherehekea. Basi tulikata picha ya mbele, ile karatasi ya ndani yenye salamu za Wazungu tukawashia sigiri, na picha tukaibandika kwenye karatasi ya manila iliyokunjwa. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Kwa ajili ya Idd tulikuwa na ujanja wetu. Tulitafuta kadi za wale Mamajusi watatu wanaofuata nyota, tukawakata wafalme wenyewe, tukaacha ngamia na nyota. Karibu na nyota tulibandika mwezi mwandamo uliokatwa kwenye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ukiitazama hutajua kuwa ilizaliwa Krismasi. Mama alikuwa stadi wa kuwashusha wale wafalme bila kugusa nundu. Mimi nundu nilikata nyingi sana.

Chini kidogo ya barabara yetu, katika nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa, alikaa sajenti mmoja na mkewe. Mke alikuwa mtu wa kaskazini, mwenye kicheko kikubwa, Mkristo kwao na Mwislamu kwa mumewe. Alikuja kutuagiza kadi ishirini za Idd za kuwapa wake za wakubwa wa mumewe, akalipa kabisa, sukari na mche wa sabuni ya jeshi. Siku mbili baadaye mama akaitwa Jinja kwenye msiba. "Usiharakishe," aliniambia akifunga kitambaa kichwani. Hilo ni sawa na kumwambia mbuzi asile majani.

Niliharakisha. Unga ulikuwa haba, nikaongeza maji. Nikaacha kadi za kukunja, nikachagua zile za ukurasa mmoja, picha mbele na maneno nyuma, kwa kuwa hizo hazina haja ya kukatwa. Chini kabisa ya sanduku nikapata moja nzuri ajabu: ngamia watatu peke yao, hawana hata mfalme wa kushusha! Nikafurahi kama niliyeokota pesa. Nikaipaka uji mgongoni bila kutazama, kwani kila mgongo ulikuwa na maneno ya mtu na maneno hayo yalikuwa yamenichosha, nikaibandika, nikaiwekea mwezi. Jioni hiyohiyo zote ishirini nikazipeleka kwa mke wa sajenti.

Mama alirudi kesho yake adhuhuri. Hakuvua viatu, hakuomba maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akalipekua mpaka chini, akalipekua tena.

"Iko wapi ya ngamia watatu?"

"Mama, ngamia nimebandika jeshi zima. Wepi?"

"Wasio na watu."

"Imekwenda kwa mke wa sajenti."

Mama akakaa sakafuni, palepale, na kitambaa chake cha msiba. Sikuwahi kumwona akikaa sakafuni hivyo. "Ina mwandiko wa kaka yako," akasema.

Lazima nieleze. Kaka yangu alikuwa amevuka mpaka mwaka uliotangulia kujiunga na wale waliokuwa wakijiandaa kuja kumtoa mkubwa wa nchi. Jambo kama hilo hukulitamka hata mbele ya mto wa kitandani. Watu tuliwaambia yuko Nairobi, anafanya kazi hotelini. Sasa nikajua kwamba mchuuzi wa vitenge, Mkongo aliyekuwa akipita mara moja moja, alikuwa amemletea mama kadi hiyo ndani ya kitenge kilichokunjwa. Mama akaificha katikati ya makaratasi mia tatu yanayofanana nayo. Askari waliwahi kutupekua mara mbili, wakageuza magodoro, sanduku wakalipiga teke tu. Hakuna mtu wa kuipata pale, isipokuwa mimi binti yake.

"Mbona hukuniambia!"

"Wangekukamata, ungesema. Mbele ya kiboko hakuna mtu mgumu." Akanitazama. "Nenda."

Sasa mwandiko wa kaka, pengine na jina lake na mahali alipo, ulikuwa nyumbani kwa mwanajeshi, umeshikwa na uji mwepesi wa muhogo. Ukionekana, tumekwisha, mimi na mama, na hakuna ambaye angethubutu kuuliza tumezikwa wapi. Ile njia ni ya dakika tano. Nilikwenda nusu nikikimbia, halafu nikakumbuka kwamba mtu anayekimbia Kampala anaulizwa anamkimbia nani, nikatembea, halafu nikakimbia tena. Nilijitukana njia nzima, mpumbavu wewe, mpumbavu wewe, kwa sauti, na mwanamke mmoja mwenye kikapu akanihama njia.

Sajenti mwenyewe alikuwa barazani, fulana nyeupe, anapiga kiwi viatu vyake. Hakuinua kichwa.

"Wewe nataka nani?"

"Mama watoto, afande."

"Ni wewe natengeneza ile kadi?"

"Ndiyo, afande."

Akashika brashi, akaitazama, akanitazama mimi. "Kadi iko mzuri. Lakini gundi yako mubaya sana. Moja nabanduka."

Mungu wangu. Nilijikaza kisabuni. Nikasema pole afande, unga siku hizi shida, na nimekuja kwa ajili hiyohiyo, kuzitazama zilizolegea nizikaze. Hata sikujua uongo huo umetoka wapi. Alitema mate kwenye kiatu, akasugua. Aliendelea kusugua kiatu kilekile, nami nimesimama jua la utosi, nikihesabu mianzi ya kiti chake ili nisitimue mbio. Mwishowe akanyoosha brashi kuelekea nyuma ya nyumba. "Kwenda uliza mama."

Mke wake alikuwa uani kwenye karai la nguo. Aliponiona akacheka kile kicheko chake. "Dada! Gundi gani hiyo? Mtoto nashika kadi kidogo tu, ngamia naanguka chini!"

"Iko wapi?"

"Ngoja. Naona nyuma iko na maneno mingi, wino ya bluu, mingi! Mimi hapana jua kusoma. Lakini nasema, hii kadi nakwenda kwa bibi ya meja, iko na maneno ya mutu mwingine, aibu gani hii? Basi naosha." Akanionyesha kamba ya nguo. Kati ya kaptula mbili za mtoto, imebanwa kwa kibanio, ilining'inia kadi ya ngamia watatu.

Nikaikimbilia, nikaigeuza. Mgongo ulikuwa mweupe. Ulikuwa na ukungu wa bluu huku na huku, basi. Sabuni ya jeshi ile, na mwanamke anayejua kufua.

"Na mzee? Mzee aliona?"

"Mzee naona gundi tu."

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia na mapovu yake mpaka mikono, nikacheka, machozi yananitoka, na yeye anasema, "Bambi, pole, kadi tu, nalia nini?" Nikamwambia nitamletea nyingine kesho, nzuri kuliko hii, na kadi ile nikaitia kifuani. Sajenti nilimpita nikimwambia asante afande, jioni njema afande, na ilikuwa bado saa nane mchana.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimpungia mkono tangu mbali. Nilipoingia nilimmwagia yote kwa pumzi moja, mtoto, karai, sabuni, kiwi, nikicheka kama mlevi. "Tumepona mama! Hakuna neno lililobaki. Hata moja!"

Alichukua kadi. Aliigeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake taratibu, kutoka juu mpaka chini. Hakucheka.

"Hukusoma?" akauliza. "Kabla ya kupaka uji. Hata kidogo?"

"Sikusoma. Kwani ilisemaje?"

Mama hakujua kusoma. Hilo nililijua siku zote, lakini nilidhani yule Mkongo alimsomea. "Nilimkataza," akasema. "Nilisema nitangoja. Siku hawa watu wakiondoka, tufungue madirisha, unisomee wewe polepole."

Nilitoka nje. Nikaizunguka nyumba, nikarudi, nikatoka tena.

Miaka ilipita, hao watu wakaondoka, na waliokuwa ng'ambo wakarudi, wengine kwa malori wakiimba. Mama alikwenda barabarani kila siku kutazama nyuso zao. Kaka hakuwamo, na hatukupata mtu aliyejua alipoishia. Asubuhi moja mama akafungua madirisha yote mawili, akaileta ile kadi, akaniwekea mkononi na mgongo wake mweupe ukiwa juu. "Wewe una macho," akasema. "Pale kwenye bluu. Tazama."

Nilitazama. Niliisogeza kwenye mwanga, nikaiinamisha, nikaigeuza upande. Hakukuwa na kitu. Lakini yeye alikuwa amekaa mbele yangu, mikono magotini, amevaa gauni lake la kanisani, na mimi sikuweza. Nikakohoa, nikaanza: "Mama yangu mpenzi, mimi ni mzima wa afya..."

"Usinitungie," akasema mama.

Akaichukua kadi mkononi mwangu, akainuka, akaenda kufunga madirisha.