Wa Tatu Ukutani kwa Filbert

Sikujua kama niko ukutani mpaka Ridhiwani aliponiambia, na Ridhiwani hana adabu ya kumwambia mtu jambo taratibu. Anauza mabegi mlango wa pili kutoka kwangu, Mtaa wa Sikukuu hapa Kariakoo, na habari ikishaingia kwake haikai. Asubuhi ile alinikuta nafungua duka langu la vitenge.

"Mama Awadhi, umeiona picha yako kwa Filbert? Kaibandika leo. Palepale alipokuwa Mama Violeth."

Funguo zilinidondoka. Nilikaa kizingitini.

Utasema mtu mzima wa miaka arobaini na tisa anaogopaje karatasi. Basi mjue kwanza huyo Filbert. Ana kichumba chini ya ngazi za jengo letu, pazia la bluu, stuli moja na taa mbili, anapiga picha za pasipoti. Alikuja kutoka Moshi kumsaidia mjomba wake kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mjomba alimvumilia miezi minne tu. Mteja anaulizia misumari, kijana amesimama anatazama jua lilivyoingia kwenye ndoo za rangi. Mchaga asiyejua kuuza! Tulimcheka sana, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Pasipoti nazo zilimchosha. Kutwa nzima usitabasamu, tazama mbele, masikio yaonekane. Ndipo akaanza kutoka na kamera yake wateja wakipungua. Hakufuata maharusi wala mastaa. Alimpiga fundi cherehani ameuma pini, alipiga mkono unaomimina chai, alipiga mikokoteni ilivyobanana mpaka wenyewe wakaacha kugombana wakacheka. Siku moja aliniomba na mimi. Nikamjibu, "Piga tu baba, ilimradi usiniongezee unene." Nikaendelea na shughuli zangu, nikasahau.

Alizopiga zilikuwa nyingi, ila aliyoichapisha kubwa na kuibandika nje ilikuwa moja, ya Marcelino. Marcelino alikuwa mbeba mizigo, mtu wa Masasi, mzee aliyebeba robota la mitumba kama mwenzake anavyobeba mto. Pale pichani amekaa juu ya robota, kafumba macho, kiganja kimelala gotini. Watu walisimama kuitazama. Mimi mwenyewe nilimwona Marcelino miaka kumi na miwili, lakini nilihisi ndiyo kwanza namwona. Wiki tatu baadaye alifariki. Ndugu zake hawakuwa na picha yake hata moja ya maana, wakaja wakaibandua ile, wakaitia fremu, mpwa wake akaitanguliza mbele ya jeneza pamoja na msalaba.

Ukuta ukakaa wazi, kisha ikaja ya Violeth, muuza supu ya makongoro wa pale kona. Amesimama katikati ya mvuke, ameshika upawa kwa mikono miwili. Violeth aliifurahia kweli, akawaita wateja waje waione. Haikupita miezi miwili tukamzika. Wanawe nao walikuja kuibandua picha ukutani.

Baada ya hapo mtaa haukuhitaji kuambiwa. Watu walianza kuvuka barabara wakifika mlangoni kwa Filbert. Wenye kutaka pasipoti walikwenda Mtaa wa Kongo. Niliona mama mmoja akimfunika mtoto wake uso kwa mtandio kwa sababu Filbert alikuwa ametoka tu kumwaga maji. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikivuka pamoja nao.

Sasa huyo ndiye aliyenibandika.

Siku mbili nilipita mlango wa nyuma, kwenye majalala, ili nisione ule ukuta. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka. Mteja akiniita nashtuka. Mwanangu Awadhi alipiga simu kutoka Tanga akauliza mbona sauti yangu imekuwa hivyo, nikasema mafua. Nilimwomba Ridhiwani akaichane hiyo picha.

"Mama, mimi nina watoto," akasema. "Nikiigusa mimi ikinigeukia?"

"Kumbe mdomo tu ndio mkubwa!"

"Mdomo hauui, mama."

Siku ya tatu nilichukua mkasi wangu wa vitambaa nikaenda mwenyewe. Nilipanga nisiitazame, niikate tu, lakini picha kubwa namna ile utaikata vipi bila kuitazama? Nilijiona niko juu ya kigoda, navuta jora la kitenge kutoka rafu ya juu, ninacheka na mtu asiyeonekana. Nilikuwa mzuri. Jambo hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu na wale wawili walikuwa wazuri.

Filbert alitoka akaniona na mkasi.

"Shikamoo, Mama Awadhi."

"Marahaba ya nini? Umenitakia nini mimi, Filbert? Nimekukosea wapi? Vitenge vya mama yako nimempunguzia, chai nimekunywesha, halafu unanitia kwenye ukuta wa maiti!"

Alinivutia stuli, ile ya wateja, akaniomba niingie. Niliingia kwa hasira, maana kwa hofu nisingeingia. Watu wa nje walianza kusogea, Ridhiwani mbele yao.

"Mama, kamera haijaua mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nakaa hapa mlangoni, nawaona nyie kila siku. Sina cha ajabu cha kupiga. Nangojea siku kitu kilekile kiwe siyo kilekile, ndiyo napiga. Mzee Marcelino alikuwa hapumziki kabla ya kona. Siku ile alipumzika mara tatu hapahapa mbele yangu. Nikaona mwanga mzuri, nikapiga, nikafurahi. Sikujua nimeona nini mpaka alipokufa."

"Na Violeth?"

"Mama Violeth nilijua. Aliacha kushika upawa kwa mkono mmoja. Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Nitamwambiaje mama mtu mzima habari za mwili wake, mimi niliye sawa na mtoto wake? Nikaibandika picha nikidhani ataitazama ajione mwenyewe." Alijifuta uso kwa kola ya shati. "Akacheka, akawaita watu."

Nilitaka kuinuka. Badala yake nikauliza:

"Kwangu umeona nini?"

Safari hii niliona yeye ndiye anayeniogopa. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha. Nilikuwemo humo mara nyingi, na kila picha ilikuwa na tarehe yake. Mwezi wa tatu navuta jora kwa mkono wa kulia. Mwezi wa tano, wa kulia, lakini uso nimeukunja. Mwezi wa saba navuta kwa kijiti. Mwezi wa nane, mkono wa kushoto. Ya ukutani nayo ilikuwa ya kushoto, mwezi huu wa kumi, na ule wa kulia nimeubana ubavuni kana kwamba nimeficha kitu kwapani.

Na kweli nilikuwa nimeficha.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kilianza kabla ya Ramadhani, kidogo, nikasema ni jipu. Baadaye nikasema ni vazi linabana. Kila nilipooga nilikigusa nikajipa jina jingine. Miezi saba niliamka na hofu hiyo na kulala nayo, na nilipopata picha ya kuichukia nilishukuru, maana picha inachanika.

"Nina uvimbe," nikasema. Maneno yale yalitoka madogo sana. "Huku kwapani, na kwenye ziwa. Awadhi hajui. Wewe ndiye wa kwanza."

Filbert hakusema pole. Alichapisha picha tano ndogo, za ukubwa wa pasipoti, akazitia kwenye bahasha, akavuta mlango wake wa chuma chini. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, wakati Kariakoo hakuna mfanyabiashara anayefunga. Ridhiwani alituuliza tunaenda wapi. Nilimwambia akae dukani kwangu, na asithubutu kuifunua midomo yake mpaka nirudi, kama nitarudi.

Hospitali ilikuwa imejaa. Nilikaa kwenye benchi nikitamani foleni isisogee. Mara mbili nilimwambia Filbert twende zetu, nitakuja Jumatatu. Mara mbili alisema, "Sawa mama, ila huyu wa mbele akitoka kwanza." Akitoka, anasema hivyohivyo kuhusu anayefuata. Alinidanganya hivyo mpaka jina langu likaitwa.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, ana sauti ya upole. Alinipima kimya. Aliponigusa kwapani niliuma mtandio wangu. Halafu akanawa mikono, akakaa, akauliza, "Umeanza kuuona uvimbe huu lini, mama?"

"Wiki mbili," nikasema. "Labda tatu."

Ulimi ulisema wenyewe. Niliona haya, niliogopa kufokewa, na nilidhani nikisema wiki mbili, utakuwa ugonjwa wa wiki mbili.

Filbert, niliyemng'ang'ania asiniache, alikuwa amesimama karibu na mlango, amegeuza uso ukutani kwa adabu. Alisogea bila kunitazama, akafungua bahasha, akazipanga zile picha mezani mbele ya daktari, kuanzia mwezi wa tatu.

"Samahani, mama," akaniambia. Kisha akamwambia daktari, "Tarehe ziko hapo chini."

Daktari alizitazama moja moja. Niliona kidole chake kikifuata mkono wangu wa kulia, ukishuka picha hadi picha, mpaka ule wa mwisho. Hakunifokea. Alinyanyua simu ya mezani akaomba nafasi ya siku hiyohiyo, akataja wodi, akataja umri wangu, halafu akaniangalia.

"Mama, leo hurudi dukani."

Nilimshika Filbert mkono wa shati nikamwambia ampigie Awadhi. Mimi nisingeweza kulisema mara ya pili.