Safari ya Bukavu kwa Ajili ya Soksi

Niliondoka Kamanyola kwa sababu ya maneno ya muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa amepeleka mzigo wake Bukavu, akamwona Nabintu, mchumba wangu, amevaa soksi ndefu ya kizungu, na muuguzi kijana amepiga magoti akimvalisha. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ualimu juzijuzi, na nilizoea kuchambua kila sentensi. Kwa nini soksi? Kwa nini magoti? Ng'ombe wa mahari walikuwa bado kwetu, wakingoja mvua ili wapate majani njiani. Niliwatazama wakitafuna polepole, nikawachukia.

Alfajiri nilipanda lori la Papa Salumu, mfanyabiashara wa Uvira. Chini ya mlima wa Ngomo tulisimama, maana barabara ni nyembamba na magari yanayoshuka hutangulia.

"Muwalimu, shida iko nini? Tangu tulitoka unafunga na kufungua kifungo ya shati."

"Papa Salumu, mwanaume akimuvalisha mwanamuke soksi, anatafuta nini?"

"Anatafuta muguu," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mlima wote nilikuwa nikiufikiria mguu huo.

Mchana nilifika Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, ambako baba yake Nabintu alikuwa mpishi wa Wazungu na aliishi na familia yake katika nyumba ndogo nyuma ya ile kubwa. Mama yake aliniona kwenye ua, akaita ndani kwa Kimashi. Nilipoingia, Nabintu alikuwa ameketi, kitenge kimefika chini, vidole vya miguu vitupu. Soksi sikuiona. Hakuinuka kunisalimu, na jambo hilo liliniuma.

"Amechoka tu," mama yake akasema.

Kabla sijajibu, muuguzi akaingia. Alikuwa mrefu, kaptura imepigwa pasi, ananukia sabuni.

"Nabintu, soksi iko wapi? Juu ya nini umeitosha muchana?" akauliza, akimaanisha kwa nini ameivua.

"Na wewe ni nani wa kuuliza soksi yake?" nikasema.

"Niko munganga. Wewe je?"

"Niko mwenye kumuoa."

"Basi angalia muguu ya bibi yako."

Nabintu akapandisha kitenge kidogo. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa kama biringanya. Alikuwa amevunjika mguu huo, akalazwa kitandani muda mrefu, na damu ikaganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Dawa alishapewa hospitalini. Soksi ya mpira ilikuwa ya kuubana mguu, damu isituame chini, uvimbe na vidonda visije baadaye. Mama akaivuta kutoka chini ya mto wa kiti: moja tu, nene, rangi ya uji. Sijaona vazi baya kuliko lile.

"Ngombe hazipandi mulima juu ya musichana wa muguu mubaya," mama akasema taratibu. "Tulisema zifike kwanza."

Kumbe kila mgeni wa Kamanyola alipoonekana kwenye ua, soksi ilivuliwa. Muuza ndagala alikuwa amepitia mlango wa jikoni.

"Uliacha watoto ya shule juu ya soksi?" Nabintu akaniuliza. "Ulifikiri nini?"

"Mambo mengi."

"Wewe kila siku unafikiri mingi. Leo fikiria muguu."

Muuguzi alimlaza, mguu juu ya mito, mpaka uvimbe ukapungua. Nikamwomba anifundishe kumvalisha. Mama akakataa: bado sijaoa. Nikageuzwa uso ukutani, nikisikiliza sauti ya yule kijana.

"Kisigino kwanza, maman. Nyoosha, usikunje huko juu. Kila asubuhi, mbele hajatosha muguu kwa kitanda. Usiku unaitosha."

Niliyashika maneno yote, na bado niliionea wivu mikono yake.

Kesho yake nilishuka Ngomo kwa lori la Papa Salumu. Nilimwambia baba yangu kila kitu kabla muuza ndagala hajamfikia. Aliwatazama ng'ombe.

"Anatembea?"

"Akivaa soksi, anatembea."

"Basi avae."

Mvua zilipoanza, ng'ombe walipanda mlima. Nabintu aliwapokea amesimama, kitenge kimepandishwa kidogo ili wajomba zangu waione soksi. Muuguzi naye alialikwa. Siku nzima nilihakikisha mikono yake imeshika bilauri.

Katika safari ile nilijifunza kwamba kisigino hutangulia. Wivu haujaniisha, ila umepata kazi: kila asubuhi, Nabintu kabla hajashuka kitandani, anayepiga magoti ni mimi.