Pale Umusasa Ulipoota

"Mahali umusasa unapoota juu ya mawe, hapo unaweza kuchimba choo." Miaka mingi niliwaambia hivyo watu walioteremka kutoka vilimani kutafuta parseli, kiwanja cha kujenga, hapa Goma, na sikuwadanganya. Mji wetu umekaa juu ya lava. Mutu ananunua kiwanja, analeta vijana na mitalimbo, wanapiga mpaka mikono inatoka malengelenge, na shimo bado linamfika magotini. Lakini umusasa hauoti juu ya lava mpya. Unangoja jiwe lizeeke, lipasuke, lishike udongo kidogo katika nyufa, ndipo mbegu yake yenye mabawa mekundu membamba inapata pa kutulia. Ukikuta kichaka chake, na majani yake membamba yanayong'aa na kunata vidoleni, ujue mtalimbo utaingia.

Nilikuwa komisionere, dalali wa viwanja. Sikuwa na ofisi, nilikuwa na macho. Mti huo nilifundishwa na baba yangu, mchungaji wa ng'ombe kule Masisi, ila yeye aliupenda kwa sababu nyingine. Kwetu umusasa ni mti wa fimbo. Ni mgumu, mbuzi hawautaki, na ukikauka haupindi. Binti akiolewa, ng'ombe wakiisha kupokelewa, muzee wa nyumba anamkabidhi bwana-harusi fimbo ya umusasa iliyokatwa mbichi kwa ajili yake. Hata siku hizi, ng'ombe wanapokuja kwa jina tu na mkononi ni pesa, fimbo lazima iwepo. Bila hiyo wazee wa upande wa pili watasema binti ametolewa kama mtu asiye na kwao.

Mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe, anasoma mambo ya mazingira chuoni, na kiangazi hiki alikuwa anaolewa. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu mimea ya ukingo wa ziwa. Jioni moja alinieleza kwamba umusasa si wetu peke yetu. Unaota sehemu nyingi za dunia yenye joto, hasa pwani za bahari, kwenye mchanga na miamba, na wataalamu wanaohesabu mimea wameuweka kati ya ile isiyo hatarini. Nilifurahi. Nikamwambia twende basi, anionyeshe anachohesabu, nami nikate fimbo yake.

Tulianzia Katoyi, mtaa wetu hapa mjini. Pale nilipokumbuka vichaka palikuwa na kuta. Tukapanda pikipiki hadi Mugunga, na huko pia nilikuwa nasimama, nanyoosha kidole, halafu nakishusha mbele ya ukuta. Watu hupenda kusema kambi za wakimbizi ndizo zilizomaliza miti, kwa kuwa umusasa huwaka vizuri hata ukiwa mbichi. Wakimbizi walikata, ndiyo, walikuwa na vyungu vya kupika. Lakini walikata matawi, na shina lilichipuka tena. Walioleta mitalimbo na kung'oa mizizi ni wale niliowapeleka mimi. Nilitafuta miti ile kwa macho ya baba yangu, nikaiuza kama alama ya choo.

"Muzee," mjukuu wangu akasema tulipofika kwenye ukuta mwingine, "naandika nini hapa? Niandike kwamba hapa pana choo kizuri?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Tuliupata mmoja alasiri, kando ya ziwa, ndani ya kiwanja kilichokuwa kinajengwa. Ulikuwa umeshikilia ncha ya mwamba juu ya maji, mahali ambapo mwenye akili asingechimba shimo. Katikati yake kulikuwa na shina moja lililonyooka kuanzia chini, refu kunipita, kama fimbo iliyoagizwa. Sentineli aliyelinda pale, kijana mpole, alituambia mwenye nyumba anataka ukingo wote usafishwe apate pa kukaa na wageni wake.

"Kata yote, papa," akasema. "Utanipunguzia kazi."

Akanipa panga. Nikalishika lile shina, nikahisi majani yananata mkononi kama zamani. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilimwangalia mjukuu wangu, nikamrudishia maneno yake mwenyewe, kwamba mti huu hauko hatarini, uko duniani kote.

"Uko duniani kote," akajibu taratibu. "Lakini mimi naolewa Goma, muzee."

Hakuniomba nikate wala nisikate. Nikamrudishia kijana panga lake. Tulichuma mbegu, tukazifunga katika leso yangu. Nikamsihi sentineli auache ule mti. Akasema atamwambia bosi, lakini bosi ni bosi. Mpaka leo sijarudi kuangalia. Naogopa.

Jumamosi nilitoa fimbo yangu mwenyewe, ile aliyonikatia baba mkwe kule Masisi nilipooa, niliyoitembelea mpaka ncha ikawa butu. Mjomba wa bwana-harusi aliipokea, akaigeuza, akauliza kwa sauti ya kusikika hema zima:

"Muzee, mnatupa fimbo au mnatupa mgonjwa?"

Watu walicheka. Nikawaambia ukweli, kwamba mbichi imekosekana, na kwamba mimi ni mmoja wa waliofanya ikosekane. Hawakucheka tena, lakini hawakunihurumia pia, na hiyo ilikuwa haki. Bwana-harusi aliipokea kwa mikono miwili. Mjukuu wangu alikuwa anatazama chini, sikuweza kujua anafikiri nini.

Sasa natembea na fimbo ya mkaratusi, inayopinda nikiiegemea. Mbegu nilizimwagia maji ya moto kama mjukuu alivyonielekeza, kwa kuwa ganda lake ni gumu, nikazipanda katika makopo ya maziwa yenye changarawe ya lava. Nyingi zimekataa. Chache zimetoa majani, madogo, tayari yananata.

Pa kuihamishia miche hiyo napafahamu. Ni nyuma ya nyumba yangu, karibu na choo, pale nilipong'oa umusasa wangu wa kwanza.